Anwani Moja, Nyimbo Tofauti: Tahadhari kwa Mwalimu wa Fasihi

Katika jaribio moja kuhusu nyimbo, niliwataka wanafunzi wa kidato cha tatu waeleze dhamira ya wimbo "Hakuna Matata". Mmoja wao aliandika kwamba wimbo huo unamshawishi mtu mwenye majuto asahau yaliyopita na kukwepa wajibu. Nilimnyima alama zote nne, kwani akilini mwangu mlikuwa na wimbo wa kuwakaribisha wageni nchini Kenya. Aliponijia na karatasi yake, niligundua kuwa aliyekosea ni mimi niliyetunga swali.

Wimbo niliouwazia huitwa "Jambo Bwana". Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison na kurekodiwa na bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa mwaka 1982. Kauli "hakuna matata" imo ndani ya wimbo huo, wala si anwani yake. Mwaka 1983 kundi la Boney M. lilitoa toleo lake na kuliita "Jambo – Hakuna Matata". Wimbo wa mwanafunzi wangu ni mwingine kabisa: muziki wake ulitungwa na Elton John na maneno yakaandikwa na Tim Rice kwa ajili ya filamu ya The Lion King ya mwaka 1994.

Kutokana na mfano huu, tunaweza kubainisha mahusiano matatu baina ya anwani na wimbo:

(a) Wimbo mmoja, anwani moja, waimbaji wengi. "Malaika" uliimbwa na Fadhili William, Miriam Makeba na Boney M., nao ni wimbo ule ule.

(b) Wimbo mmoja, anwani zinazotofautiana, kama ilivyo kwa Them Mushrooms na Boney M.

(c) Anwani zinazofanana, nyimbo tofauti. Hapa ndipo mtego ulipo.

Katika kundi la tatu, anwani peke yake haitoshi kumfikisha msomaji kwenye dhamira. Ni sharti tuulize: nani anasema, anamwambia nani, na katika muktadha gani? Katika "Jambo Bwana", nafsineni ni mwenyeji anayemtuliza mgeni. Kauli hiyo ni ya ukarimu. Katika filamu, nguchiro na ngiri wanamwimbia mwanasimba aliyetoroka kwao baada ya kifo cha babake. Kauli hiyo hiyo inakuwa falsafa ya kukimbia wajibu. Isitoshe, filamu yenyewe inaipinga falsafa hiyo, kwani hatimaye Simba anarejea kukabiliana na yale aliyoyakimbia. Mwanafunzi wangu alikuwa ameyaona haya yote.

Mwalimu anayetunga swali kuhusu wimbo anashauriwa basi ataje anwani kamili, mtunzi au mwimbaji, na mwaka. Ni bora zaidi awape wanafunzi maneno ya wimbo wenyewe. Naye mwanafunzi azoeshwe kuanza jibu lake kwa kuutambulisha wimbo anaouzungumzia kabla ya kuuchambua.

Nilimrudishia mwanafunzi yule alama zake mbele ya darasa, kisha nikawapa wote nyimbo hizo mbili wazilinganishe. Mjadala uliozuka siku hiyo ulikuwa na manufaa kuliko jaribio lenyewe.