Soriasisi haiishii kwenye ngozi

Mkulima wa Peramiho akianza kuamka na vidole vilivyokakamaa, lawama huangukia jembe, umri au baridi ya Juni. Ni wachache wanaokumbuka kutazama viwiko na magoti, ambako ngozi imefanya mabaka ya zambarau yenye magamba meupe.

Soriasisi si ukoma wala fangasi, na haiambukizi. Ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Inakadiriwa kuwa hadi wagonjwa 3 kati ya 10 hupata pia yabisi ya viungo, mara nyingi miaka kadhaa baada ya ngozi kuanza.

Kucha husema mapema: huwa na vishimo vidogo kama zimedungwa sindano, au hubanduka kwenye nyama. Kidole huvimba chote, toka shinani hadi nchani, mpini wa jembe haushikiki. Ukakamavu wa asubuhi huzidi nusu saa, kisha hulegea kazi ikianza.

Ndani, uvimbe huzichochea seli zinazobomoa mfupa, nao ukalika kandokando ya kiungo. Ajabu ni kwamba jirani na hapo, kano zinaposhikamana na mfupa, huota mfupa mpya usiotakiwa. Eksirei ya mkono mmoja inaweza kuonyesha yote mawili.

Kinachonitia hofu zaidi ni prednisoloni na deksamethasoni zinazonunuliwa duka la dawa bila cheti. Maumivu hutulia upesi, ndiyo maana watu huzirudia. Zikitumika kwa miezi, mifupa hudhoofu hata kuanguka kidogo tu kukavunja nyonga. Tena mgonjwa wa soriasisi akiziacha ghafla, ngozi inaweza kulipuka upya kwa vipele vya usaha mwili mzima. Aliyekwisha kuzizoea apunguziwe na daktari, taratibu.

Methotreksati, dawa inayotumika sana kwa viungo hivi, humezwa mara moja kwa wiki; kuimeza kila siku kunaweza kuua. Haipatani na komoni wala ulanzi, maana huumiza ini, na mjamzito hapewi kabisa. Kwa mifupa, usipa wa Ziwa Nyasa wanaoliwa wazima ni chakula bora, pamoja na jua na kutembea.

Hospitali ya Mtakatifu Yosefu ipo hapohapo Peramiho, kilomita 24 hivi kutoka Songea mjini. Ukifika, usionyeshe goti linalouma tu. Onyesha kucha, viwiko na ngozi ya kichwa, na utaje kila kidonge ulichomeza, hata kile ulichopewa na jirani.