Maana ya Jina Iulize Nyumbani

Kijana mmoja wa Tanga alinipigia simu siku ya tatu baada ya mkewe kujifungua mtoto wa kike. Kadi ya kliniki ilikuwa bado imeandikwa "Mtoto wa", kisha jina la mama, kama zilivyo kadi za vichanga ambao hawajapewa majina, na akika ilipangwa siku ya saba. Mkononi alikuwa na orodha aliyoitoa kwenye intaneti, majina kama themanini, kila moja na maana yake pembeni, akataka nimhakikishie kama maana hizo ni za kweli. Nikamuuliza kwa nini mtoto asichukue jina la bibi yake, maana kwao ndiyo desturi. Akasita kidogo. "Mwalimu, mama yangu anaitwa Tabu. Nimtwishe mtoto tabu?"

Kazi yangu ni kuchunguza majina, na swali hilo nalisikia kila mwezi. Mzazi anaamini kwamba maana imefungiwa ndani ya neno kama kokwa ndani ya embe, na kwamba mtoto atakua akifuata maana hiyo. Majina ya Waswahili hayaendi hivyo. Yana maana mbili: ya neno lilikotoka, na ya siku lilipotolewa. Orodha inaijua ile ya kwanza tu, tena si kila mara.

Tuanze na hiyo ya kwanza, kwa kuwa ina utamu wake. Majina mengi ya pwani yametoka Kiarabu, na Kiarabu hujenga maneno juu ya mizizi, aghalabu ya konsonanti tatu. Ukiujua mzizi, jina linafunguka. Asha ni Aisha lililolainishwa na ulimi wetu, na mzizi wake ndio uliotupa maneno maisha na kuishi. Mohamedi, Ahmadi, Mahmudu na Hamida ni ndugu wa mzizi mmoja, mzizi wa sifa, na humo ndimo ilimotoka "himidi" tunayoisikia kanisani na "alhamdulillahi" tunayoisikia kila mahali. Juma ni mtoto wa Ijumaa, siku ya kukusanyika. Mzizi huohuo umezaa jamaa, jamii na jumuiya, na umezaa ujamaa, neno ambalo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililifanya kuwa siasa ya nchi nzima. Kila ninapokutana na mzee Juma nakumbuka kwamba jina lake na siasa hiyo vilitoka tumbo moja.

Lakini mzizi nao una mipaka. Hadija, au Khadija, limetokana na mzizi unaohusu kuzaa kabla ya siku kutimia. Kwa lugha ya wodini tungesema mtoto njiti. Fatuma limetokana na kumwachisha mtoto ziwa. Je, kuna mama anayemwita binti yake Hadija kwa kuwa alizaliwa na miezi saba? Wengi wanamkumbuka Bi Khadija, mke wa kwanza wa Mtume, na Bi Fatuma, binti yake. Heshima ya mtu imeifunika maana ya neno, na hiyo heshima ndiyo maana inayoishi majumbani mwetu. Orodha inayokwambia tu kwamba Fatuma ni "aliyeachishwa ziwa" haijasema uongo, ila imekupa kumbi ikabaki na nazi.

Neno moja la tahadhari hapa. Abdul peke yake halijatimia. Ni "mja wa", halafu kimya. Limekatwa kutoka Abdulrahmani, Abdulkarimu na mengine kama hayo, ambamo sehemu ya pili ni sifa ya Mwenyezi Mungu. Mtaani kumwita mtu Abdul si kosa, lakini kwenye cheti cha kuzaliwa ni vizuri jina liandikwe lote.

Sasa njoo kwenye kalenda, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kilipofanya kazi yake chenyewe. Waarabu huhesabu siku za juma kuanzia Jumapili, kwa hiyo Alhamisi kwao ni siku ya tano, na jina lenyewe linatokana na tano, khamsa. Waswahili tunahesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Kisha tukaiacha Alhamisi na jina lake la Kiarabu. Matokeo yake juma letu lina siku mbili za tano, zimekaa bega kwa bega, moja ikihesabiwa Kiswahili na nyingine Kiarabu. Hamisi na Mwanahamisi wamebeba hesabu hiyo mgongoni. Na hiyo "mwana" ya Mwanahamisi, Mwanajuma na Mwanaidi ni ya heshima pia, kwa maana pwani ya zamani mwana alikuwa bibi mwenye hadhi, kama alivyoitwa mshairi wa Pate, Mwana Kupona.

Miezi nayo imetoa majina: Rajabu, Shaabani na Ramadhani, ambayo hufuatana, na Maulidi kwa anayezaliwa Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume. Ila usimhukumu mtu kwa kalenda. Mwandishi Shaaban Robert, kwa tarehe inayotajwa siku zote, alizaliwa tarehe 1 Januari 1909. Ukiigeuza kwenda kalenda ya Kiislamu unaangukia Dhulhija, yaani Mfunguo Tatu, miezi mingi mbali na Shaabani. Majina ya miezi hurithiwa kutoka kwa mababu kama mengine yote, na mwenye kurithi hachagui mwezi wa kuzaliwa.

Kuna majina ambayo hata mtaalamu hawezi kuyafasiri akiwa mezani kwake. Pili ni mojawapo. Huenda ni mtoto wa pili. Huenda ni mtoto wa Jumapili. Tatu vivyo hivyo. Kamusi itakupa namba, lakini namba ya nini? Mwenye jibu ni aliyekuwepo. Kulwa na Doto ni mepesi zaidi, maana kila mtu anajua kwamba ni pacha, wa kwanza na wa pili.

Yanayonigusa kuliko yote ni majina ambayo ni sentensi. Siwema. Semeni. Sikujua. Sikudhani. Ukiyasikia unaona kabisa kwamba kuna mtu anaambiwa. Mwanamke wa pwani anayo kanga ya kusemea, anaivaa, anapita uani, na aliyekusudiwa anasoma. Jina la mtoto hufanya kazi hiyohiyo, tena kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu kanga hupauka lakini mtoto huitwa kwa sauti asubuhi na jioni, majirani wakisikia. Semeni ni jibu kwa waliosema. Sikudhani lina milango miwili: aliyekata tamaa ya kuzaa akazaa hulitamka kwa furaha, na aliyeachwa na mume akiwa na mimba hulitamka kwa uchungu. Herufi ni zilezile tisa. Upareni na Uchaggani, katika familia za Kikristo, sentensi huelekezwa juu: Elibariki, kwa mfano, limeunganisha "Eli", Mungu wangu kwa Kiebrania, na "bariki", kitenzi cha Kiswahili chenye asili ya Kiarabu. Lugha tatu ndani ya jina la mtoto mmoja wa mlimani.

Yapo pia majina duni yaliyotolewa kwa mapenzi. Mama aliyezika watoto wawili watatu humwita anayefuata Sikitu, "si kitu", ili hasidi asimtazame na mauti yapite yakimdharau. Mgeni atasema mtoto katukanwa. Nyumbani wanajua kwamba amefichwa.

Hata hivyo nisimfanye kila mtu aipende dhiki ya jina lake, kwa sababu yapo majina yaliyoandikwa na dhuluma. Karibu na mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa, wakati utumwa ulikuwa bado halali. Sheria ya kuukomesha Zanzibar ilitoka mwaka 1897. Alipokua alihamia mjini, sauti yake ikapendwa, akapewa jina la Siti, neno la Kiarabu la kumwita bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake, na kwenye lebo za santuri hakuwa Mtumwa tena, alikuwa Siti binti Saad. Shaaban Robert ndiye aliyeandika wasifu wake. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni majina mawili tu, lakini ndani yake mna historia nzima ya Unguja ya enzi ile.

Kwa hiyo sikumjibu yule kijana kuhusu orodha yake. Nilimwambia amuulize mama yake: tabu ya nini?

Alinipigia siku ya sita, jioni. Mama alimweleza kwamba mamake alishikwa na uchungu shambani, masika, mto umejaa, hakuna wa kuvuka. Siku mbili walikuwa kibandani, yeye na mkunga na moto wa kuni mbichi. Mtoto alipolia, mkunga alisema, "Haya, tabu imetoka." Ikawa jina. Kijana alikuwa ameishi na jina hilo miaka thelathini na nne, akidhani kwamba tabu iliingia.

Alikuwa tayari sasa kumpa binti yake jina hilo, lakini bibi mwenyewe ndiye aliyekataa. "Jina langu limeshafanya kazi yake," alimwambia. Akauliza mtoto kazaliwa siku gani, wakamwambia Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Kesho yake mtoto alinyolewa, mbuzi akachinjwa, na kwenye kadi maneno "Mtoto wa" yakakatwa kwa mstari mmoja wa kalamu ya bluu. Juu yake pameandikwa Mwanahamisi, kwa herufi za bibi, kubwa kubwa, zimepanda kidogo upande wa kulia.