Ndege Anayefuata Sadini

Ukisimama juu ya mwamba mwezi Juni, pwani ya KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini, utadhani ndege waitwao ganeti wa Rasi hawahesabiki. Wanakuja kwa maelfu, weupe, vichwa vya manjano, ncha za mbawa nyeusi tii. Wanawafuata sadini. Wakati wa kipupwe ukanda mwembamba wa maji baridi hujipenyeza kati ya nchi kavu na mkondo wa Agulhas wenye joto, na sadini hupanda nao kuelekea kaskazini-mashariki. Pomboo huwazingira na kuwasukuma juu. Hapo ganeti hujiachia kutoka hata mita 30, na kabla tu ya kugusa maji huzilaza mbawa nyuma kabisa, akawa kama mkuki. Pua yake haina matundu ya nje, na vifuko vya hewa chini ya ngozi humpunguzia kishindo.

Sadini wakipita, ndege nao hutoweka.

Wingi ule unadanganya. Ganeti hawa wote huzaliana katika visiwa 6 tu: Mercury, Ichaboe na Possession vya Namibia, na kwa Afrika Kusini, Malgas, kisiwa cha Lambert's Bay na kile cha Ghuba ya Algoa. Mwaka 2017 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliwaweka miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Kuanzia Septemba hivi jike hutaga yai moja. Wazazi huliatamia kwa zamu, si kwa tumbo kama kuku, bali kwa kulifunika kwa nyayo zao pana zenye utando na joto. Mateso huanzia hapo, maana mwenye kinda hawezi kuhama na samaki. Namibia sadini walivuliwa kupita kiasi hadi wakaporomoka, na ganeti wakapungua nao. Afrika Kusini, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, sadini wamesogea mashariki. Leo zaidi ya nusu ya ganeti wote wako Algoa. Walioachwa magharibi, kisiwani Malgas, watafiti wamewakuta wakila mabaki ya samaki aina ya heki yanayotupwa na meli za uvuvi. Mzazi hushiba. Kinda hudumaa, kwa kuwa mabaki hayo hayana mafuta ya sadini.

Anayetaka kujua hali ya ndege hawa asiwahesabu Juni. Aende Malgas Desemba, atazame makinda walionona ni wangapi.