Siku Moja Ahero, na Mchezo Uliokatizwa Katikati

Nilipowaambia wenzangu barazani kwamba napanda basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Ahero kwa mafunzo ya siku moja ya waigizaji, mmoja akauliza: huko kuna nini ambacho hapa hakuna? Swali la haki. Ahero ni mji mdogo wa soko, kilomita 20 na kitu kabla hujafika Kisumu ukitokea Kericho, pale barabara ya kutoka Kisii inapoingia. Pana mashamba ya mpunga, pana mto Nyando, na pana mafuriko. Hayo mafuriko ndiyo yaliyoipa siku ile maana, nami nitayafikia.

Kwanza nieleze mafunzo haya ni ya nini. Waigizaji wa vikundi vya mitaani, kule na huku kwetu Pwani, wengi hawali kwa tiketi. Wanakula kwa kazi za mashirika. Shirika linakuja na ujumbe wake, uwe wa chanjo, wa mihadarati au wa uchaguzi wa amani. Kikundi kinatunga mchezo wa nusu saa, kinaucheza sokoni, kinalipwa posho, basi. Na ukiuona mmoja umeiona yote: baba mlevi, mama mvumilivu, mtoto anateseka, kisha anatokea daktari au mzee wa mtaa kutoa nasaha. Watu wanacheka mlevi anapoanguka, wanapiga makofi, wanakwenda zao. Mlevi wa kweli aliyesimama kule nyuma naye anakwenda zake, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Asubuhi ilikuwa ya mwili na sauti. Kucheza sokoni si kama kucheza ukumbini, na mambo yake ni madogo madogo. Usiiweke hadhira ikatazama jua, itakuona kivuli kitupu. Upepo uwe mgongoni mwako ili uwapelekee sauti. Bodaboda ikipita usishindane nayo. Ganda ulivyo, ikishapita endelea. Na sauti itoke tumboni, si kooni. Hili la mwisho aliyepita madrasa analijua bila kuambiwa, kwani anayesoma kwa pumzi ya koo haimalizi aya ndefu.

Baada ya chai ndipo tukaingia kwenye jambo lenyewe, wanaloliita mchezo wa sumaku. Hapa Kenya shirika la PATH lilikuwa miongoni mwa walioueneza, hasa katika kazi za ukimwi. Unaitwa sumaku kwa sababu unawavuta watu warudi: mnacheza mahali pale pale, siku ile ile, saa ile ile, ili hadhira iwe moja. Mchezo wenyewe haumaliziki. Unafika penye fundo, mwigizaji anaganda, na mwongoza mjadala anawageukia watu: huyu afanye nini sasa? Mwenye jibu anaombwa aingie mwenyewe, achukue nafasi ya mwigizaji, aonyeshe. Siku nyingine mnarudi na kuanzia pale watu walipofikia.

Mzizi wa jambo hili ni Augusto Boal wa Brazil, aliyefungwa na kuteswa na serikali ya wanajeshi mwaka 1971, kisha akahama nchi. Mwaka 1973 alikuwa Peru katika kampeni ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Alikuwa na mtindo wa kuwaruhusu watazamaji watoe shauri, na waigizaji wakalicheza. Mama mmoja akatoa shauri, wakalicheza, akasema sivyo. Wakarudia, akasema bado sivyo. Mwisho akaambiwa, njoo ulicheze wewe. Alipopanda jukwaani ndipo wote wakafahamu alichokuwa akikisema. Sisi Wakenya nasi tuna ya Kamirithu ya mwaka 1977, ambako wanakijiji walikuwa wakiwasahihisha watunzi wakati wa mazoezi. Serikali haikuipenda kabisa. Kibali cha mchezo kiliondolewa, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini.

Kazi ngumu ni kulipata lile fundo. Hapo mwezeshaji alitumia hadithi inayojulikana na kila mtoto wa nyanda za Kano, ya Luanda Magere, shujaa ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini mwake. Mke aliyetoka kwa maadui, Walang'o, akaijua siri. Kwa kawaida vijana humcheza mke yule kama mwovu tangu mwanzo. Mwezeshaji akasema hapana, mgandisheni pale anaposhika siri mkononi: huku mume wake, huku ndugu zake wanaouawa. Sasa muulizeni mtazamaji angefanya nini. Nikakumbuka Fumo Liyongo wetu na yule mwanawe aliyetumwa kuuliza kinachomuua baba yake, akaambiwa ni sindano ya shaba kitovuni. Sisi tumemlaani kijana yule karne na karne. Sijawahi kusikia baraza ikiulizana alitiwa nini moyoni hata akakubali.

Alasiri vikundi vikapewa mafuriko. Mto Nyando ukifurika maji huingia nyumbani, watu huhamia mashuleni na makanisani, na kila msimu huambiwa wahame mapema. Kikundi cha kwanza kikatunga familia ambayo bibi yake hataki kuondoka. Bibi wa mchezo alikuwa mkaidi na mchekeshaji, anashikilia kuku wake, anataja mizimu. Tukacheka sana, mimi mmoja wao.

Mama aliyekuwa akitupikia alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Akasema jambo kwa Kijaluo na kicheko kikakatika. Nikatafsiriwa: "Wanangu, nani amewaambia bibi huyo ni mjinga? Mimi nilihama mlivyosema. Niliporudi mabati hayakuwapo." Mwezeshaji akamwita aingie. Hakutaka kuingia, akasema hapo hapo mlangoni, na nadhani alifanya vyema. Maneno yake yalikuwa machache. Nani atalinda nyumba, ng'ombe atalala wapi, na kule shuleni choo cha wanawake kiko wapi usiku?

Mchezo ukatungwa upya. Safari hii bibi hakuwa kichekesho, na mwanawe anayemsihi waondoke hakuwa na jibu rahisi la kumpa.

Hapo ndipo kijana mmoja aliposema lililokuwa kooni mwa wengi. Tukimwacha mtu aseme atakavyo mbele ya mfadhili, shirika litasema hatukufikisha ujumbe, na mara nyingine halituiti. Nyumbani watoto wanakula kwa posho hii. Mwezeshaji hakumjibu kwa haraka, nami nilimheshimu kwa hilo. Alisema mwishowe kwamba maswali ya yule mama yaandikwe na yapelekwe kwa shirika pamoja na hesabu ya watazamaji, kwa sababu mtu asiyehama kwa kuogopa wezi hatahamishwa na ujumbe wa mvua. Naona ni jibu zuri kuliko mengi niliyoyasikia, ingawa shibe ya watoto haikai ndani yake.

Nimehudhuria mafunzo ya namna hii hapa kwetu yaliyobandikwa mada kumi kwa siku moja, kuanzia uandishi wa mswada hadi kuomba ufadhili, mtu akaondoka na kalamu, daftari na kichwa kizito. Siku moja yatosha kwa jambo moja. Na likija kwetu litahitaji kushonwa upya: kina mama wa Mji wa Kale au wa Lamu hawatasimama katikati ya uwanja kuigiza mbele ya wanaume, wala wasilazimishwe. Yule mama wa Ahero alisemea mlangoni na mchezo mzima ukageuka.

Jioni waliafikiana kuucheza sokoni, kisha warudi hapo hapo wiki ya pili. Shirika lilikuwa limelipia mara moja tu. Nilipokwenda kulisubiri basi barabarani niliwaacha chini ya mti wakichangishana nauli ya ile mara ya pili, na yule mama akiosha sufuria pembeni, akiwasahihisha.