OKIDI IKIACHA KUCHANUA, USIITUPE!

Leo nataka kuwaeleza jambo nililojifunza nyumbani likizo ya Agosti mwaka jana.

Marehemu shangazi alikuwa amemletea mama okidi moja chunguni, yenye maua meupe. Ilichanua karibu miezi 3. Kisha maua yakapukutika, kikabaki kikonyo kikavu na majani manne tu. Kaka yangu akasema, "Hii si imekufa? Wacha niitupe shimoni." Mama hakujibu, ila nilimwona machozi yakimlengalenga. Nikasema, "Mama, niachie mimi."

Mwanzoni nilikosea. Niliimwagilia kila siku, majani yakalegea na kuanza kuwa ya manjano! Kumbe okidi hii, iitwayo Phalaenopsis, asili yake ni Asia, na huko wengi wa jamii yake huishi juu ya miti, mizizi ikipigwa na hewa. Haiunyonyi mti, huushikilia tu. Maji yakituama chunguni, mizizi huoza.

Basi nilifanyaje? Kwanza, niliitoa chunguni nikakata mizizi yote iliyooza, ile laini ya kahawia, kwa makasi niliyoyapitisha motoni yakapoa. Pili, niliipanda upya katika vipande vya magome ya mti, si udongo wa shamba, kwenye chungu chenye matundu. Tatu, nilikata kile kikonyo kikavu karibu na shina. Lakini kama chako kingali kibichi, kikate juu kidogo ya pingili; huenda kikachanua tena.

Kuhusu maji, itazame mizizi. Ikiwa ya kijani, imeshiba. Ikigeuka rangi ya fedha, ina kiu. Kwetu ilitosha mara moja kwa wiki. Iweke karibu na dirisha, lakini jua kali la mchana litaunguza majani.

Miezi ikapita bila ua hata moja. Kaka akawa ananicheka, ati nafuga majani! Kumbe mmea ulikuwa unapumzika na kujenga nguvu. Kwanza likatoka jani jipya. Halafu baridi ya Julai mwaka huu ilipoingia, kikachomoza kikonyo kipya, kwani usiku wenye ubaridi kidogo ndio huiamsha okidi hii.

Nilimwita mama aje aone. Alikigusa kwa kidole, akasema, "Shangazi yako amerudi kutusalimu."

Kweli wahenga hawakukosea: subira huvuta heri.