Kufundisha Watoto Kulinganisha Mpango wa Maandishi ya Maarifa

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi mtoto wa shule ya msingi awezavyo kufundishwa kutazama, si habari tu iliyomo katika maandishi, bali pia namna habari hiyo ilivyopangwa. Na zaidi ya hayo, jinsi awezavyo kuyaweka mbele yake maandishi mawili yanayosema jambo moja, akaonyesha mahali yanapofanana na mahali yanapoachana katika mpango wake. Kwa maandishi ya maarifa nakusudia yale yanayofundisha mambo ya kweli, kama vile jiografia, historia, kilimo na afya. Hadithi na mashairi yana kanuni zake, wala sitayagusa hapa isipokuwa kwa kupita.

Huenda wengine wakaliona jambo hili kuwa dogo, lakini si dogo. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho kinachotumika kufundishia masomo katika shule za msingi za serikali Tanzania Bara. Basi mtoto asomaye Kiswahili kama somo ndiye huyo huyo asomaye sayansi na historia kwa Kiswahili. Asipojua kutambua mpango wa maandishi, atakariri sentensi moja moja, mfano wa mtu anayehesabu mawe ya ukuta asiione nyumba. Tena akifika shule ya sekondari, ambako kwa kawaida masomo hufundishwa kwa Kiingereza, atakabiliwa na mizigo miwili kwa wakati mmoja: lugha asiyoizoea na mpango asioutambua. Mzigo wa pili aweza kuutua mapema, katika lugha aijuayo.

Aina za mpango

Mtaalamu wa Marekani Bonnie Meyer alitoa mwaka 1975 kitabu juu ya mpango wa maandishi na kumbukumbu ya msomaji, na tangu hapo yeye na wenzake wamezoea kutaja aina tano: maelezo ya kitu au hali, mfuatano wa wakati au wa hatua, sababu na matokeo, tatizo na utatuzi wake, na ulinganisho wa vitu viwili au zaidi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1980 ilionekana kwamba wanafunzi walioufuata mpango wa mwandishi waliweza kukumbuka mengi zaidi kuliko wale waliotaja mambo bila ya mpango. Mihutasari ya masomo iliyotolewa Marekani mwaka 2010 ikalifanya jambo hili kuwa sehemu ya kusoma: mtoto wa darasa la 4 aeleze mpango wa maandishi, na wa darasa la 5 alinganishe mipango ya maandishi mawili au zaidi.

Aina hizo tano zaweza kupokewa bila ya taabu, kwa kuwa fikira za watu hazitofautiani sana katika mambo haya. Lakini dalili ambazo kwazo mpango hujulikana ni mali ya kila lugha peke yake, na hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili asipoangalia atakapopotea. Nitalieleza jambo hilo baada ya kutoa mfano.

Mfano wa maandishi mawili

Chukua habari ya karafuu ya Unguja na Pemba. Yafuatayo nimeyatunga kwa ajili ya darasa. Maandishi ya kwanza ni haya:

"Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku. Mwanzoni mwa karne ya 19 uliletwa Unguja kutoka visiwa vilivyoko mashariki ya Madagaska. Seyyid Said akawahimiza wenye mashamba waupande, na mikarafuu ikaenea. Watumwa wakafanyizwa kazi ya kupanda, kupalilia na kuchuma. Mwaka 1872 kimbunga kikavuma, kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Wenye mashamba wakapanda tena, na wengine wakazidi kupanda Pemba. Mwaka 1897 utumwa ukafutwa kwa sheria, na baadaye wachumaji wakawa wakilipwa ujira."

Na maandishi ya pili ni haya:

"Kwa nini karafuu ya Pemba ni nyingi kuliko ya Unguja? Sababu moja ni kimbunga cha mwaka 1872. Kimbunga hicho kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba haikudhurika sana. Kwa kuwa karafuu ilipungua sokoni, bei ilipanda. Na bei ilipopanda, wenye mashamba walivutwa kupanda zaidi Pemba. Sababu nyingine ni nchi yenyewe: Pemba hupata mvua nyingi, na vilima vyake huufaa mkarafuu. Kama kimbunga kisingaliipiga Unguja, huenda kisiwa hicho kingalibaki mbele."

Mtoto akiulizwa, "Maandishi haya yanatofautianaje?" aghalabu atajibu kwamba ya pili yanaanza kwa swali, au kwamba ya kwanza yana miaka mingi. Jibu hilo si la uongo, ila limeishia juu juu. Yafaa mwalimu amwongoze kwa maswali manne.

Swali la kwanza: kila maandishi yanajibu swali gani? Ya kwanza yanajibu, "Ilikuwaje tangu mwanzo?" Ya pili yanajibu, "Kwa nini imekuwa hivi?" Mtoto akiyapata maswali hayo mawili, ameupata ufunguo wa mpango, hata kama hajajua bado kuutaja kwa jina.

Swali la pili: jambo lililomo katika yote mawili limewekwa wapi, na lina kazi gani? Kimbunga cha mwaka 1872 kimo katika yote. Katika ya kwanza ni tukio moja katika safu ya matukio, limetanguliwa na mengine na kufuatwa na mengine. Katika ya pili kimewekwa mwanzo, na karibu yote yanayofuata yanakitegemea. Jambo ni lile lile. Uzito wake ni mwingine.

Swali la tatu: ni kitu gani kimo huku kisichomo kule? Hapa mtoto ataona ya kuwa maandishi ya pili hayakutaja watumwa hata kidogo. Mwandishi hakusema uongo. Ila swali alilojiuliza halikumdai awataje. Na maandishi ya kwanza nayo yasema kwamba wengine walizidi kupanda Pemba, lakini hayasemi kwa nini, wala hayataji bei. Sioni faida kubwa kuliko hii katika somo zima. Mtoto hujifunza kwamba kila mpango hufunua kitu na kufunika kingine, na kwamba watu waliofanya kazi waweza kutoweka katika maandishi yaliyo sahihi kabisa. Asomaye kitabu kimoja tu cha historia hawezi kulijua hilo. Alinganishaye viwili atalijua.

Swali la nne: mpango upi wafaa kwa haja ipi? Mtu atakaye kujua habari za mashamba kwa vizazi atatumia wa kwanza. Atakaye kujua hali ya visiwa viwili imepataje kutofautiana atatumia wa pili. Mtoto asiambiwe kwamba mmoja ni bora.

Dalili za mpango katika Kiswahili

Vitabu vya kufundishia kwa Kiingereza huwapa watoto orodha ya maneno ya kuwaongoza: neno lionyeshalo mwanzo, neno lionyeshalo kufuata, neno lionyeshalo sababu. Orodha hizo zikitafsiriwa tunapata "kwanza", "kisha", "halafu", "kwa sababu", "kwa hiyo", "lakini". Maneno hayo ni ya Kiswahili safi, na mtoto hana budi kuyajua. Lakini rudi kwenye maandishi ya kwanza hapo juu: hamna "kwanza", wala "kisha", wala "halafu". Mtoto aliyefundishwa orodha peke yake hataona dalili yo yote, ingawa mfuatano wa wakati umejaa tele. Umo ndani ya kitenzi: akawahimiza, ikaenea, kikavuma, wakapanda. Kiambishi -ka- ndicho kinachoivuta habari mbele, baada ya -li- kuifungua.

Dalili nyingine nazo aghalabu zimo katika kitenzi. Maelezo ya hali ya kudumu hupendelea hu-: Pemba hupata mvua, vilima huufaa mkarafuu. Ulinganisho hutumia "kuliko", lakini pia hutumia vitenzi kama kuzidi, kupita na kushinda. Maandishi ya tatizo na utatuzi hujulikana kwa "ili" pamoja na kitenzi kiishiacho kwa -e, na kwa maneno kama yafaa, yapasa na hapana budi. Na sababu huweza kuonyeshwa kwa kauli ya kitenzi kama vile kupunguza na kupandisha, bila ya neno "sababu" kutajwa.

Kiambishi -ngali- chastahili kutajwa peke yake. Katika maandishi ya pili sentensi ya mwisho yasema kama kimbunga kisingaliipiga Unguja, huenda kisiwa hicho kingalibaki mbele. Sentensi kama hiyo ni ngeni katika habari ya mfuatano mtupu, kwa kuwa asimuliaye yaliyokuwa hana haja ya yasiyokuwa. Atafutaye chanzo ndiye huondoa jambo moja kwa fikira na kuuliza lingalifuata nini. Mtoto awezaye kutunga sentensi ya -ngali- iliyo sawa juu ya habari aliyoisoma amekwisha fahamu uhusiano wa sababu na matokeo.

Hata hivyo dalili si sheria. Kiambishi -ka- chaweza kuchukua maana ya sababu pamoja na ya kufuata. Tukisema mtu aliteleza akaanguka, kila mtu afahamu kwamba kuteleza ndiko kulikomwangusha. Vivyo hivyo -po- katika "bei ilipopanda" husimama mpakani mwa wakati na sababu. Njia nyepesi ya kupima ni kumwambia mtoto aingize "kisha" mahali hapo, halafu aingize "kwa hiyo", asikilize ni lipi lakubalika. Yakikubalika yote mawili, aulizwe maandishi yenyewe yanatoa ushahidi gani wa sababu.

Jambo hili la -ka- lina uzito zaidi kwa kuwa watoto wetu huja shuleni na hazina ya hadithi. Wamezisikia kwa bibi zao tangu kabla ya kujua kusoma, na -ka- ndiyo nguzo ya usimulizi huo. Kwa hiyo mtoto akiambiwa aeleze maandishi ya sababu aliyoyasoma, huyageuza hadithi: upepo ukaja, miti ikaanguka, bei ikapanda, watu wakaenda Pemba. Mambo yote yamo, lakini viungo vya sababu vimeyeyuka. Mwalimu asimkemee, kwani ustadi huo wa kusimulia ni mali yake. Amwonyeshe tu kwamba ameubadili mpango, na amwulize ni nini kilichopotea.

Njia ya kufundisha

Yafaa kuanza na mpango mmoja kwa wakati mmoja, na mfuatano wa wakati uwe wa kwanza kwa kuwa watoto wameuzoea. Mwalimu aandike sentensi za maandishi mafupi juu ya vipande vya karatasi, avichanganye, na watoto wavipange. Wakishapanga, waeleze ni kitu gani kilichowaongoza. Hapo -ka- na tarehe zitajitokeza zenyewe. Kisha ufuate mpango wa sababu, ambao huchorwa ubaoni kwa mishale, na wa ulinganisho, ambao huchorwa kwa safu mbili. Mchoro wa mfuatano ni mstari mmoja. Mtoto akiweza kuchagua mchoro ufaao maandishi fulani, ameutambua mpango wake.

Maandishi mawili yaje baadaye, nayo yawe juu ya jambo moja, mafupi, na yenye angalau tukio moja la pamoja. Yakitofautiana jambo na mpango kwa pamoja, mtoto atalinganisha mambo tu. Mwishoni ageuze mwenyewe: apewe habari iliyopangwa kwa wakati, kama ya ukame au ya ujenzi wa kisima kijijini, aiandike kwa mpango wa tatizo na utatuzi. Kazi hiyo itamlazimisha kubadili vitenzi vyake, wala si kuongeza "kwa sababu" hapa na pale.

Mwalimu naye atafaidika akijizoeza kwa maandishi ya wakubwa. Habari za maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, zilizochapwa kwanza na Heinrich Brode na kuchapwa tena mwishoni mwa miaka ya 1950 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, hufuata safari baada ya safari. Desturi zilizokusanywa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambazo Carl Velten alizitoa mwaka 1903, zimepangwa kwa mambo: kuzaliwa, malezi, ndoa, maziko na mengineyo. Lakini ndani ya desturi moja, shughuli huelezwa kwa hatua zake, ya kwanza hata ya mwisho. Hii yaonyesha kwamba mpango mkubwa waweza kubeba mipango midogo ndani yake. Kwa hiyo mtoto aulizwe juu ya mpango wa maandishi kwa jumla, asibabaishwe na sentensi moja.

Tena majina ya mipango yasifanywe mwisho wa somo. Mtoto awezaye kusema "sababu na matokeo" katika mtihani, lakini asiweze kueleza kwa nini kimbunga kimewekwa mwanzo, bado hajafaidika. Bora yule asiyekumbuka jina, lakini aliyeyasoma maandishi mawili ya karafuu akauliza: na hawa waliochuma, mbona huku hawamo?