Somo: Wimbo na Machozi



Wapenzi wasikilizaji, katika misa ya marehemu kwaya yaanza wimbo, na mara mama mmoja aliyekuwa ametulia atetemeka, alia, kisha atoka nje upesi. Wengine hunong'ona: «Ameingiwa na pepo.» Je, hukumu hiyo ni ya haki? Tutazame kwanza jinsi Mungu alivyouumba mwili wetu.

1. Sauti na ubongo

Sauti yatikisa kiwambo cha sikio. Ndani zaidi, mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme mdogo sana, nao hupita katika mshipa wa fahamu hata ubongoni. Huko kuna kipande kama punje ya lozi, kiitwacho amigdala, kinachopima hatari na uchungu. Jirani yake hukaa kipande kinachohifadhi kumbukumbu. Kwa hiyo wimbo uliosikiwa siku ya arusi waweza kurudisha furaha, na wimbo uliosikiwa siku ya msiba waweza kurudisha msiba. Kabla mtu hajafikiri neno, moyo wake umekwisha kwenda mbio.

Furaha nayo ina njia yake. Mwaka 2011 wataalamu wa Montreal, nchini Kanada, walionyesha kwamba mtu asikiapo muziki aupendao hata mwili ukamsisimka, ubongo wake hutoa dopamini, ambayo hutolewa pia mwenye njaa alapo chakula. Nayo huanza kutoka mtu angali akingojea sehemu aipendayo.

2. Wimbo kama dawa

Maandiko yasema kwamba roho mbaya ilimsumbua mfalme Sauli. Watumishi wake hawakumpiga wala kumfukuza. Walimletea Daudi na kinubi chake, naye akapata nafuu (1 Samweli 16, 23).

Na hapa kwetu Ibanda tunao mfano. Katika hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, na inayosimamiwa na ndugu zetu Waprotestanti, wanawake walioumizwa na vita walitunga nyimbo zao wenyewe na kuzirekodi, wakisaidiwa na mtaalamu wa mambo ya nafsi na fundi wa muziki. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, juu ya wanawake wa kijijini waliosaidiwa kwa njia hiyo hiyo, ulionyesha kwamba huzuni yao, mahangaiko yao na mateso ya kumbukumbu yalipungua. Tuangalie vema: hawakuchezewa muziki tu. Walipewa nafasi ya kusema, nao wakasikilizwa.

3. Tuwe na busara

Mtakatifu Augustino aliungama kwamba nyimbo za Kanisa zilimliza, lakini aliogopa asije akapenda sauti kuliko maneno yanayoimbwa. Basi machozi peke yake si sala, wala si dhambi. Ni mlango, yafaa kuuingia kwa imani.

Hatukani kwamba pepo wako. Lakini Kanisa laamuru kuhakikisha kwanza kwamba si ugonjwa, na kazi ya kupunga pepo kwa ibada kuu ni ya padri aliyepewa ruhusa na askofu. Si kazi ya jirani wa benchi.

Kwa hiyo mtu akitoka akilia, mama mmoja mwenye upole amfuate, aketi naye, ampe maji, asimwulize mengi. Hali hiyo ikirudi mara nyingi, asindikizwe kwa padri na kwa daktari pia. Nao viongozi wa kwaya, wakiambiwa kwamba wimbo fulani wamchoma mtu, wasione haya kuchagua mwingine.

MASWALI

Swali: Kwa nini wimbo waweza kumtetemesha mtu?
Jibu: Kwa sababu waamsha katika ubongo kumbukumbu pamoja na uchungu au furaha yake.

Swali: Je, kutetemeka huko ni alama ya pepo?
Jibu: Hapana, peke yake si alama ya pepo. Mara nyingi ni jeraha lisilopona.

Swali: Mkristu afanye nini?
Jibu: Asihukumu, akae karibu na anayelia.